Sakafu Inayonesa

Mke wangu Auristela aliuawa na sakafu. Nasema hivyo bila kupamba, maana wa kupamba walishapamba vya kutosha. Alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati ya kijiji chetu, La Cabuya, chumba cha chini, anangoja vidonge vyake vya presha. Ardhi ikatikisika, na sakafu ya ghorofa ya juu ikashuka yote kwa pamoja kama kifuniko cha sufuria. Zahanati ile ilikuwa na umri wa miaka minne. Mkandarasi alikuwa shemeji wa meya, na mchanga aliuchota ufukweni, mchanga wa bure, wenye chumvi, na chumvi ikala nondo taratibu. Hakuna asiyejua. Malori yalipita mchana kweupe, yanachuruzika maji ya bahari njia nzima.

Dakika hiyo hiyo mimi nilikuwa nyumbani, nimejilaza kwenye kitanda cha kamba, ndani ya nyumba ya mwanzi aliyoijenga baba yangu. Nyumba ilicheza. Ikaenda huku, ikaenda kule, ikalia kama kikapu kilichokaliwa na mtu mnene, sahani tatu zikaanguka, kisha ikatulia pale pale ilipokuwa. Nikashuka ngazi kwa miguu yangu mwenyewe kwenda kumtafuta mke wangu.

Baada ya wiki mbili wakaja vijana wa ofisi ya ujenzi mpya na makaratasi ya rangi. Kijani, kaa. Manjano, tengeneza. Nyekundu, ondoka. Yangu wakaibandika nyekundu. Nikamuuliza kijana mmoja nyumba imekosa nini.

"Ni ya mwanzi, mzee."

"Lakini imesimama."

"Ndiyo imesimama. Lakini ni ya mwanzi."

Trekta likaimaliza kabla jua halijawa kali.

Kuna jambo jingine la siku zile ambalo sina budi kulisema. Siku ya mazishi waliniletea karatasi niweke dole gumba. Mimi shule niliiacha darasa la pili. Barua za nyumbani alikuwa akizisoma Auristela, na Auristela ndiye aliyekuwa ndani ya sanduku. Nikaweka dole. Baadaye binti yetu Maryuri akaisoma: mama yake, ilisema karatasi, amekufa kwa moyo kusimama. Moyo wa nani usiosimama ukiangukiwa na zahanati? Kwa karatasi ile hakuna kilichoanguka, hakuna mchanga wa chumvi, hakuna shemeji wa mtu. Na dole ni langu. Tangu hapo nikajifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia samaki, nikifuata mstari kwa kidole, na sijatia alama kwenye karatasi yoyote ambayo sijaifikisha mwisho.

Miaka miwili tulikaa kwenye mahema. Ndipo wakatugawia nyumba kwenye tambarare ng'ambo ya mto: kuta za matofali ya saruji, paa la bati, msingi wa kufika magotini kwa ajili ya mafuriko, na ndani ya msingi udongo mtupu. Kuta nilizikuta zimeshasimama. Bati likianguka halimuui mtu. Sakafu ndiyo iliyobaki, na sakafu kila mwenye nyumba alitakiwa aichague na kuiweka mwenyewe kwa vifaa vya ofisi, kisha aje mkaguzi. Ukipita, unapewa hati ya nyumba. Usipopita, nyumba anapewa anayekufuata kwenye orodha na wewe unarudi hemani.

Mkaguzi wetu alikuwa Injinia Villacrés, mtu wa milimani, mashavu mekundu kama nyanya, hana ubaya wa kumtukana mtu lakini hana pia ubavu wa kumpinga aliye juu yake. Alinikuta nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba, miguu inaning'inia ndani.

"Mzee Dídimo, umebaki wewe tu. Wenzako wote wameshachagua. Saruji tupu au vigae?"

"Si saruji wala si vigae."

"Sasa unataka nini, zulia?"

Majirani waliokuwa wameegemea uzio wakacheka. Nikangoja wamalize. Nikamwambia nataka mwanzi, juu ya boriti, na hewa ipite chini yake, kama sakafu niliyozaliwa juu yake.

"Mzee wangu, hebu tusikilizane. Hii ni sakafu ya chini. Chini yake ni ardhi. Haiwezi kumwangukia mtu."

"Sijasema itaniangukia. Nimesema sitaikanyaga."

Akaangalia viatu vyake. Alijua, jina la Auristela limo kwenye majalada yao. Halafu akachangamka kama mtu aliyekumbuka kuwa ana peremende mfukoni, akafungua mkoba wake na kutoa vibao vitano vidogo.

"Una bahati. Kuna agizo jipya kutoka juu, wanataka vitu vya asili. Chagua rangi. Hii ya asali, hii ya kahawa, hii ya mkaa. Mwanzi mtupu!"

Nikachukua cha asali. Kilikuwa kizito, kinateleza kama kioo. Nikakigeuza, nikakinusa. Kilinuka gundi.

"Mwanzi uko wapi hapa?"

"Si ndio huo umeushika. Umechanwa, umepikwa, umegandamizwa kwa mashine. Unatoka Uchina."

"Umevuka bahari."

"Bahari yote, mzee."

Nikamwelekeza kwa midomo upande wa kijito, ambako mianzi ya swahiba yangu Eustorgio imesimama, mirefu kuliko mnara wa kanisa. "Na ule umekosa nini? Haujui kuogelea?"

Safari hii kicheko cha uzio kilikuwa upande wangu. Injinia akajikuna shingo.

"Ule hauna muhuri."

"Huu ulipokatwa, mwezi ulikuwa unakua au unapungua?"

Akanitazama kama nimemuuliza jina la mbwa wa askofu. "Mzee, kiwandani hawaangalii mwezi. Wanaangalia saa."

"Na unawekwaje?"

"Unamwaga zege, unasawazisha, unapaka gundi, unalaza vibao."

"Kwa hiyo zege lipo."

"Lipo, lakini hutaliona."

"Nitajua."

Akafunga mkoba. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kule kuongea nami kwa upole kama mtu anayemvisha mgonjwa viatu. "Leo hadi ukaguzi ni wiki sita. Nitakuja na fomu. Nikikuta udongo, nitaandika udongo."

Akaondoka. Na mimi, nitakiri, hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikachukua panga, nikavuka kijito, nikaingia mianzini nikaangusha sita bila kuangalia juu. Nilikuwa nimepiga pigo la pili kwenye wa saba niliposikia Eustorgio anaita kutoka kijitoni.

Eustorgio Cedeño ndiye aliyemshika Maryuri kwenye maji ya ubatizo, na ndiye fundi mianzi wa mwisho katika vijiji vitatu. Ana vidole vinane na nusu na mdomo wa watu kumi.

"Dídimo! Nani amekufunga macho?"

"Nina wiki sita tu."

"Una wiki sita na akili ya kuku. Mwezi una siku ngapi?"

Hapo ndipo nilipoangalia juu. Ulikuwa na siku nne, unakua. Mtoto wa miaka saba wa kwetu anajua kwamba mwezi unapokua maji ya mwanzi yako juu, matamu kama ya muwa, na fukusi, mdudu mla mwanzi, huyasikia harufu kutoka bara. Mwanzi wa hivyo ukiuweka nyumbani, baada ya miezi mitano unapiga kofi ukutani unapata unga.

"Hii sita ni chakula cha fukusi," akasema, akiipiga teke mmoja mmoja. "Mjengee injinia kiti. Na ukigusa mwingine kabla sijakwambia, nakukata mimi, na wewe mwezi wowote unafaa."

"Swahiba, tukingoja mwezi ufike siku ya nne ya kupungua ni siku kumi na tano. Halafu mwanzi usimame wiki tatu ujitoe maji. Hesabu mwenyewe. Zinabaki siku sita."

"Zinabaki sita. Mungu aliumba vyote hivi kwa sita."

"Hakuwa na mkaguzi."

Akacheka mpaka akaketi chini. Tukaketi wote. Ile sita tukajengea banda la kuku, na sijawahi kuona kuku wakiishi kwa mashaka namna ile.

Jumapili Maryuri akaja kutoka Manta, ambako anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wa kopo. Alikuwa amekwisha kusikia. Habari za kijiji chetu hufika Manta kabla ya basi. Akaweka mfuko wake juu ya msingi, akaniangalia nikila donge langu la ndizi na jibini, akaanza kabla sijameza.

"Baba, kwa nini usichukue hivyo vibao vya Kichina yakaisha?"

"Kwa sababu chini yake kuna zege."

"Baba, mimi nimekua juu ya sakafu ya mwanzi. Nikiangusha kijiko anakiokota nguruwe. Nilipoalika wenzangu wa shule, walichungulia kwenye nyufa wakamwona bata anataga, wakanicheka mwaka mzima. Sakafu ya mwanzi ni ya maskini."

"Na sisi tulitajirika lini? Mbona sikuambiwa?"

"Usinifanyie mzaha. Wakikunyang'anya nyumba utakwenda wapi? Kwangu ni chumba kimoja, na kitanda tunapokezana na mwenzangu wa zamu."

"Sitakuja kwako."

"Ndicho ninachosema! Huna pa kwenda!" Akageuka kutazama mto. "Mama angechagua ile ya rangi ya asali. Unajua kabisa angeichagua."

Labda. Auristela alipenda vitu vinavyong'aa. Lakini Auristela hakuwepo kuchagua, na sababu ya kutokuwepo kwake ilikuwa ile ile niliyokuwa nabishana nayo. Sikumwambia hivyo mtoto. Nilimwambia anywe supu.

Tukangoja. Mnajua kungoja kwa mtu mwenye tarehe kichwani? Majirani walimwaga zege, nikasikia koleo zao kila asubuhi zikikwaruza. Mjane mmoja wa nyumba ya mbele yangu, Holanda Vélez, alichukua vibao vya asali, akawa wa kwanza kupata hati. Aliitundika sebuleni kwenye fremu, akaniita niione. Nikaenda kwa adabu. Sakafu yake ilikuwa inang'aa hadi nikaona matundu ya pua yangu.

"Unaonaje, jirani?"

"Nzuri. Inafaa kunyolea ndevu."

"Wivu huo!"

Mwezi ukajaa, ukaanza kuliwa ubavu. Siku ya nne ya kupungua, alfajiri, Eustorgio alinikuta nimeshanoa panga mara mbili. Maji ya mwanzi hushuka mizizini saa hizo, kabla jua halijayaita. Tukaingia. Kuchagua ndiko kazi, kukata ni mkono tu. Wa kijani kibichi unaong'aa, wenye mkanda mweupe kwenye kila fundo, huo ni mtoto, uache. Uliokauka rangi ya majani ya chai umezeeka, utapasuka. Unautaka ule wenye madoa ya ukungu mweupe kama uso wa mtu aliyeugua ndui, umri wa miaka minne au mitano. Eustorgio aliugonga kila mmoja kwa mgongo wa panga na kuinamisha kichwa.

"Huyu anasema ndiyo. Huyu anasema niache mwaka mmoja. Huyu ni mwongo, mpite."

"Unavyoongea nao utadhani wana masikio."

"Kuliko ofisi yako, wanayo."

Tukakata arobaini. Hatukuilaza. Kila mmoja tuliuinua pale pale kwenye shina lake, na majani yake juu, tukauegemeza kwa wenzake na kuuweka kitako juu ya jiwe, ili usinywe tena ardhini na majani yavute maji yaliyobaki. Kwa wiki tatu ilisimama hivyo, imekufa na haijui. Anayepita angedhani hatujafanya kitu. Injinia alipita. Alidhani hatujafanya kitu.

"Mzee, zimebaki siku kumi. Naona udongo bado."

"Unaona vizuri."

"Mwanzi wako uko wapi?"

"Umesimama pale."

Akatazama msitu mzima, akatikisa kichwa, akaandika neno kwenye daftari lake. Ningelipa kujua ni neno gani.

Siku sita za mwisho sikuvua viatu ila kulala. Kwanza boriti: mianzi mizima minene, tukaikaza juu ya msingi kutoka ukuta hadi ukuta, hatua moja kati ya mmoja na mwingine, tukatoboa msingi matundu ya hewa. Kisha kupasua. Unaukalia mwanzi kama farasi, unazungushia kila fundo vipigo vya kishoka, vidogo vidogo, karibu karibu, bila kupitiliza, halafu unauchana mstari mmoja kwa urefu, unaingiza mguu na kuukanyaga ufunguke. Mwanzi mzima unalala chini kama mkeka mgumu. Hapo unauparua ndani, ile nyama laini nyeupe, yote, maana hiyo ndiyo inayofuatwa na fukusi. Baada ya hapo jua.

Na jua likakataa. Siku ya tatu mvua zikaanza, wiki mbili kabla ya wakati wake. Nilisimama mlangoni na mikeka thelathini na ushei imejazana chini ya bati, nikaitukana mbingu, nikaitukana serikali, nikarudi kuitukana mbingu.

Maryuri alifika Ijumaa jioni, amelowa, ameomba ruhusa ya siku mbili kazini. Sikumwita. Akavua koti, akauangalia ule mrundo.

"Sikubaliani na wewe hata kidogo," akasema. "Nyundo iko wapi?"

Eustorgio akampa keekee ya mkono. "Mwanangu, wewe toboa. Ukipiga msumari bila tundu, mwanzi unapasuka hadi mwisho, na baba yako anapasuka pamoja nao."

Tukaigeuza mikeka mbele ya majiko mawili ya mkaa, upande huu, upande ule, macho yanatuwasha kwa moshi. Mkeka mmoja ukakauka, mmoja ukalazwa, ngozi ngumu juu, ukabanwa kwa fito, ukatobolewa, ukapigwa misumari, ukafungwa waya kwenye boriti. Eustorgio hakunyamaza hata mara moja. Maryuri alitoboa vizuri kuliko sisi wote, na alikuwa analalamika kwa kila tundu. Ulipolazwa mkeka wa mwisho, akasimama juu yake katikati ya sebule, akajipima kwa visigino, juu chini, juu chini.

"Inanesa."

"Eeh."

"Nilikuwa nimesahau," akasema, akashuka haraka kwenda kunawa.

Siku ya ukaguzi kijiji chote kilikuja. Walisema wamekuja kuazima chumvi. Injinia alipanda ngazi mbili za mlangoni na pima-maji yake na fomu kwenye ubao. Akakanyaga ndani, sakafu ikamchukua ikamrudisha, akashika fremu ya mlango kama yuko kwenye mtumbwi.

"Mzee! Inanesa!"

"Ndiyo, inanesa. Ile iliyomuua mke wangu haikunesa."

Hakuna aliyecheka. Akainama akaweka pima-maji chini. Kile kiputo kikaenda upande, kikarudi, hakikukubali kutulia. Akapima urefu, akachungulia chini, akaona boriti, waya, hewa, na kuku mmoja.

"Inatakiwa ibebe uzito," akasema. "Fomu inataka."

"Kiasi gani?"

Akataja kilo. Sikuzisikia, kwa sababu Eustorgio alikuwa ameshapiga kelele dirishani: "Wenye miili ingieni! Wembamba subirini!" Wakaingia. Akaingia Holanda Vélez, akaingia mchinjaji wa nguruwe ambaye peke yake ni watu wawili, wakaingia wanawe wanne waliomfuata kwa umbo. Nilihesabu thelathini na mmoja sebuleni. Eustorgio akawaambia warukeruke, wakaruka. Sakafu ikashuka nao, ikapanda nao, ikalia ule mlio wake wa kikapu, na hakuna hata msumari mmoja uliotoka. Injinia alikuwa katikati yao, anapanda na kushuka bila kupenda, ameshikilia kofia.

"Yangu imenyanyuka," Holanda akamwambia hapo hapo, anaruka. "Tangu mvua ianze, injinia! Unyevu umepanda kwenye lile zege, vibao vimevimba kama mgongo wa nyumbu. Mlango wa chumbani haufunguki. Jana nimelala na nguo za kanisani kwa sababu za kulalia ziko ndani!"

"Mama, hilo tutaliangalia."

"Liangalie leo!"

Watu wakashuka. Tukabaki sisi wanne: yeye, mimi, Maryuri, Eustorgio. Injinia akaegemea ukuta, akaiangalia sakafu muda mrefu, akaikanyaga tena, polepole, na naapa alikuwa anaifurahia.

"Mzee Dídimo, mimi kama mimi, ningeipitisha. Lakini angalia." Akanionyesha fomu. "Hapa pana visanduku vitatu. Saruji. Vigae. Mwanzi wa kiwandani wenye muhuri. Nitie alama wapi?"

"Chora cha nne."

"Siwezi kuchora. Fomu inatoka juu. Nisaidie nikusaidie." Akageuza ukurasa. "Kuna sehemu hii: 'Nyumba haina sakafu.' Nikiandika hapo, unapata hati yako leo leo. Itasomeka kwamba sakafu utawekewa baadaye. Unatia saini, nakupa funguo, kila mtu analala."

Maryuri akashusha pumzi. "Baba, saini."

"Haina sakafu?" nikasema. "Wewe umesimama juu ya nini?"

"Ni maandishi tu, mzee."

"Na huyo atakayekuja baadaye kuiweka hiyo sakafu isiyokuwepo, hii ataifanya nini?"

Sote tulijua angeifanya nini. Angekuja na karatasi hiyo mkononi na saini yangu chini, ang'oe, amwage zege, na mimi nisingekuwa na neno, kwa sababu ningekuwa nimekwisha kusema mwenyewe kwamba hapakuwa na kitu.

"Baba, tafadhali." Maryuri alinishika mkono. "Hati ni hati. Saini, mengine tutapigana nayo baadaye."

"Na hawa hakuna kupigana baadaye, mwanangu. Baadaye ni ya kwao."

"Basi utarudi hemani kwa ajili ya neno moja!"

"Neno hilo hilo."

Nikamwomba injinia fomu na kalamu. Akanipa, na uso wake ukalegea, akidhani yamekwisha. Nikaketi chini, nikaiweka juu ya mwanzi, nikaisoma yote, mstari kwa mstari, na kidole, mbele yake, nikachukua muda niliotaka kuchukua. Eustorgio akawasha sigara. Nilipofika pale, nikakata yale maneno matatu kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake kwa herufi zangu zinazolala kama walevi: SAKAFU IPO. NI MWANZI. NIMEIWEKA MIMI. Nikatia saini. Saini, si dole.

"Umeiharibu," akasema injinia kwa sauti ndogo. "Hii ni fomu ya serikali. Sasa haifai kitu."

"Ndiyo karatasi ya kwanza ya kweli mliyowahi kutoka nayo kijiji hiki. Ipeleke."

"Sitaweza kukupa hati."

"Nimesikia."

"Na funguo."

"Mlango nautengeneza mwenyewe."

Akaikunja fomu. Nilidhani ataichana, hakuichana, aliiweka mfukoni mwa shati upande wa ndani, akashuka ngazi. Maryuri alishuka nyuma yake. Hakunisalimu kwa wiki tatu. Ya nne alikuja na godoro, akalitandika chumba cha nyuma, akaniambia bado hakubaliani na mimi, niwashe jiko.

Nalala hapa. Umeme sina, kwa sababu mita inataka hati. Hawajampa mtu mwingine nyumba. Wa pili kwenye orodha alikuja kuitazama, akazunguka sebule mara mbili, akaniuliza mwezi unaanza kupungua lini. Ofisi imeniletea barua mbili, na Jumanne ikaleta ya tatu, yenye mihuri miwili, inayoniita mkaazi asiye halali na kunitaka nihame kwa hiari kabla mwezi haujaisha, la sivyo watakuja na mashine. Nimeisoma mpaka mwisho. Chini waliacha nafasi ya mpokeaji kujaza maoni, nadhani hakuna aliyewahi kuijaza. Nimewajazia: Njooni mchana, nipo. Njooni na injinia, na meya, na shemeji yake, na yeyote mnayemtaka. Ingieni wote kwa pamoja. Itawabeba.